Klasi Hii Imetoka Wapi? Matoleo ya Maktaba Yanapogongana Kwenye Seva ya Java

Kuna hitilafu moja ya Java inayomchosha fundi kuliko nyingine zote. Msimbo umepita kwenye kompaila bila neno, umefanya kazi vizuri kwenye laptopu, kisha umefika kwenye seva na kugoma. Logi inadai metodi fulani haipo, na wewe unaitazama hiyo metodi kwenye skrini yako, ipo. Hapo ndipo wengi wetu huanza kubahatisha: kufuta JAR hii (faili linalofungasha klasi za Java), kuongeza ile, kuwasha seva upya, kuomba Mungu. Nimeona watu wakimaliza usiku mzima hivyo, na mfumo ukapona bila mtu kujua umeponaje. Mfumo wa aina hiyo utaanguka tena, na mara nyingi utachagua siku mbaya.

Ninatunza mifumo ya Java hapa Tabora mjini, mingi ikiwa ya kuhesabu fedha za watu. Ule ulionilazimisha kulijua jambo hili mpaka ndani ulikuwa wa malipo ya tumbaku. Anayeujua mkoa huu anajua uzito wa neno hilo. Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, kote huko mwaka mzima wa familia nyingi unaishia pale robota linapowekwa kwenye mizani. Karani wa chama cha msingi anajaza kilo na daraja kwenye faili la Excel, lile la mtindo wa zamani lenye mwisho wa .xls. Faili linapandishwa kwenye mfumo, mfumo unakata deni la pembejeo na makato mengine, na kinachobaki ndicho mkulima anachokwenda kukichukua benki. Mfumo ukisimama, kuna mzazi ada ya shule imemkwamia.

Ofisi ilikuwa na seva ya zamani ya Windows iliyochoka. Ikanunuliwa mpya, ikawekwa Linux. Tomcat, seva inayoendesha programu za wavuti za Java, ilikuwa 9 ile ile, Java ilikuwa 8 ile ile, na faili la WAR, lenye programu yote ndani yake, lilinakiliwa lilivyo, bila kubadilishwa hata herufi. Kurasa zikafunguka zote. Karani wa kwanza alipopandisha faili lake, likarudi kosa 500, na kwenye logi ukakaa mstari huu:

java.lang.NoSuchMethodError: org.apache.poi.ss.usermodel.Cell.getCellType()Lorg/apache/poi/ss/usermodel/CellType;

Kijana tuliyekuwa naye kwenye mafunzo kwa vitendo alikuwa na jibu tayari. "Kaka, Linux haielewani na POI. Turudishe Windows tu."

"Subiri kwanza. Tuiulize hiyo Cell imetoka kwenye faili gani."

Mama mhasibu alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. "Wanangu, wenyeviti wa vyama wananipigia tangu asubuhi. Niwaambie nini?"

"Waambie mafaili yao yapo salama, mama. Hakuna kilichopotea, yamekataa kusomwa tu."

Mstari ule wa logi unastahili kusomwa taratibu, kwa sababu una habari nyingi kuliko unavyoonekana. Apache POI ni maktaba ya kusoma na kuandika mafaili ya Excel. Katika toleo 3.17, metodi ya getCellType ilikuwa inarudisha namba nzima. Kuanzia toleo 4.0 inarudisha kitu cha aina ya CellType. Kwa macho ya mtu ni metodi ile ile. Kwa JVM, yaani mashine ya Java inayoendesha msimbo, hizo ni metodi mbili tofauti, kwa sababu aina ya kinachorudishwa ni sehemu ya utambulisho wa metodi ndani ya faili la klasi lililokwisha kukompailiwa. Ile sehemu inayoanza na L baada ya mabano, ndiyo aina inayotakiwa kurudishwa. Kwa hiyo logi haikusema getCellType haipo. Ilisema: nimetafuta getCellType inayorudisha CellType kwenye hii Cell niliyopewa, sikuiona. Hilo peke yake linatosha kujua kwamba Cell iliyopakiwa ni ya kabla ya 4.0.

Sasa, ndani ya WEB-INF/lib, folda ya maktaba za programu, kulikuwa na poi-4.1.2.jar, na hakuna POI nyingine. Amri ya mvn dependency:tree ya Maven, zana inayojenga mradi na kuuletea maktaba zake, nayo ilionyesha 4.1.2 peke yake. Ushahidi wote wa karatasi ulisema toleo ni jipya, na JVM inasema ni la zamani. Inapofika hapo, mimi huiamini JVM. Tukaandika ukurasa mdogo wa JSP wenye mstari mmoja:

<%= org.apache.poi.ss.usermodel.Cell.class.getProtectionDomain().getCodeSource().getLocation() %>

Tukaufungua kwenye kivinjari. Jibu likawa njia ya faili inayoishia na WEB-INF/lib/ripoti-zote.jar.

Hilo lilikuwa faili la ripoti lililoachwa na mkandarasi wa zamani, limewekwa kwa mkono ndani ya mradi, nje ya Maven. Tukalichungulia kwa unzip -l, tukatafuta jina la Cell, na POI 3.17 nzima ikajitokeza humo ndani. Alikuwa amekusanya msimbo wake na maktaba zote alizozitumia, akazimwaga ndani ya JAR moja, ili mtu abebe faili moja tu. Maven hupanga kwa majina na matoleo yaliyoandikwa kwenye pom.xml. Kilichofichwa ndani ya JAR nyingine haikioni kabisa. Ndiyo maana dependency:tree ilikuwa safi.

Kilichobaki kilikuwa swali la kijana wetu, nalo lilikuwa la haki kabisa: kwa nini Windows ilifanya kazi?

Klasi moja ikiwa kwenye JAR mbili ndani ya WEB-INF/lib, inayotangulia kuonekana ndiyo inayopakiwa. Tomcat 7 ilikuwa inazipanga JAR kwa alfabeti. Kuanzia Tomcat 8 mpango huo uliondolewa, JAR zinafuata mpangilio ambao mfumo wa mafaili wa kompyuta unazitoa, na watunzaji wa Tomcat walipoombwa kuurudisha mpango wa zamani walikataa, kwa hoja kwamba programu haipaswi kutegemea mpangilio huo. Mimi naona walikuwa sahihi. Kwenye Windows, NTFS hutoa majina kwa alfabeti, kwa hiyo poi ilitangulia ripoti, na toleo jipya likashinda miaka yote hiyo. Kwenye Linux, ext4 hutoa majina kwa mpangilio unaotokana na hesabu ya kufumbata majina (hash), na hesabu hiyo ina mbegu yake kwa kila diski iliyofomatiwa. Maana yake ni kwamba hata seva mbili za Linux zinazofanana kwa kila kitu zinaweza kutoa mpangilio tofauti. Jaribio linapita kwenye seva ya majaribio, linaanguka kwenye seva ya kazi, na msimbo ni mmoja. Nikimsikia fundi anasema kwangu inafanya kazi, siku hizi sibishani naye. Nauliza tu diski yake imefomatiwa vipi.

Kuna aliyetushauri kwa simu tubadilishe jina la faili la ripoti lianze na herufi z. Hapana. Hiyo ni kuficha tatizo kwenye alfabeti, na ext4 haijali alfabeti. Tulichofanya mchana ule ni kutoa POI ya zamani ndani ya JAR ile:

zip -d ripoti-zote.jar 'org/apache/poi/*'

Kabla ya kuitoa tulihakikisha msimbo wa ripoti unaandika tu mafaili, kwa metodi ambazo sura yake haikubadilika kati ya 3.17 na 4.1.2. Makarani wakaendelea na kazi. Baadaye tukapata msimbo asilia wa ripoti kwenye diski ya nje, tukaufanya moduli ya kawaida ya Maven inayotegemea POI 4.1.2, tukakompaili. Kompaila ikakataa sehemu moja: klasi ya kusoma violezo iliyokuwa ikilinganisha aina ya seli na namba nzima. Hakuna aliyekuwa akiitumia wakati huo, lakini siku yoyote mtu angebonyeza kitufe chake, ingeanguka. Hii ndiyo sababu napenda kukompaili upya kila kitu kinachoweza kukompailiwa. Ni nafuu kosa likutane na kompaila kuliko likutane na mkulima. Kama msimbo asilia usingepatikana, njia ingekuwa maven-shade-plugin, ambayo inaweza kuzihamishia zile klasi za zamani kwenye kifurushi chenye jina jingine, kila upande ukaendelea na toleo lake bila kugongana.

Hapo mgongano ulikuwa kati ya JAR mbili za programu moja. Aina ya pili ni mgongano kati ya programu na seva yenyewe, na dalili zake ni tofauti. Rafiki yangu wa Kigoma anayetunza mfumo wa mikopo alinitumia picha ya logi yenye ClassCastException. Ilidai kwamba muunganisho wa hifadhidata ya PostgreSQL hauwezi kugeuzwa kuwa PGConnection. "Kaka, hiki ni kichekesho," akaniandikia. "PgConnection si inatekeleza PGConnection? Mbona ni ndugu wa damu?"

Nikamwambia asome mwisho wa ujumbe, pale ambapo wengi huwa wameshakata tamaa ya kusoma. Kuanzia Java 11 ujumbe huo hutaja kila klasi imepakiwa na kipakiaji gani, yaani ile sehemu ya Java inayotafuta klasi na kuileta kwenye kumbukumbu. Upande mmoja uliandikwa java.net.URLClassLoader, upande wa pili org.apache.catalina.loader.ParallelWebappClassLoader. Cha kwanza ni kipakiaji cha Tomcat kinachosoma folda ya lib ya seva. Cha pili ni cha programu, kinachosoma WEB-INF. Dereva ya PostgreSQL ilikuwepo kote kuwili. Kwa JVM, klasi hutambuliwa kwa jina lake pamoja na kipakiaji chake, sawa na Masanja wa Ipuli na Masanja wa Cheyo: jina moja, watu wawili, na wa Cheyo hawezi kusaini kwa niaba ya wa Ipuli. Muunganisho ulizaliwa upande wa seva, kwa sababu dimbwi la miunganisho (connection pool) lilikuwa la seva. Msimbo wake ulikuwa unaulinganisha na PGConnection ya upande wa programu.

Dawa ilikuwa kuamua nani mwenye mali. Dimbwi likiwa la seva, dereva ni ya seva: inakaa kwenye lib ya Tomcat, na kwenye pom.xml inawekewa skopu ya provided ili isiingie kwenye WAR. Kisha usiamini pom, fungua WAR yenyewe kwa unzip -l na utafute. Alipotafuta aliikuta bado imo, imeletwa na maktaba nyingine aliyoiongeza siku za nyuma. Akaiweka kwenye orodha ya kutengwa, akajenga upya, mambo yakatulia.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulichanganya kwa sababu seva hazifanani. Desturi ya Java ni kwamba kipakiaji humuuliza mzazi kwanza, na mzazi akikosa ndipo hutafuta kwake. Tomcat imegeuza desturi hiyo kwa programu za wavuti: inaanza na WEB-INF/classes, halafu WEB-INF/lib, ndipo inakwenda kwenye maktaba za seva, isipokuwa klasi za msingi za Java na zile za Servlet (zinazopokea maombi ya wavuti) ambazo programu hairuhusiwi kuzipiku. WebLogic, seva nyingine ya Java, kwa kawaida inaanza na mzazi. Ukiwa na maktaba ya JSON ya Jackson iliyo mpya kwenye programu na seva ina yake ya zamani, utapewa ya zamani na utahangaika. Faili la weblogic.xml lina kipengele cha prefer-application-packages, ambapo unataja vifurushi unavyotaka vitoke kwenye programu, na kingine cha prefer-web-inf-classes kinachogeuza kila kitu kwa mpigo. Nakushauri cha kwanza. Cha pili kinavutia kwa sababu ni neno moja tu, true, lakini kinaziingiza pia zile klasi ambazo seva na programu zinatakiwa kuzungumza kwazo, na hapo unarudi kwenye Masanja wawili. Seva ya GlassFish ina delegate="false" kwenye glassfish-web.xml. Seva ya WildFly inatumia moduli, na unaizuia moduli ya seva isiingie kwenye programu yako kupitia jboss-deployment-structure.xml. Kabla hujagusa chochote, jua seva yako inaanza kutafuta wapi. Nusu ya ushauri unaotolewa juu ya matatizo haya ni sahihi kwa seva nyingine, si yako.

Kuhusu kuhama kutoka javax kwenda jakarta sina mengi, kwa sababu ukishalijua haliumizi tena. Oracle iliipeleka Java EE kwa Eclipse Foundation, ikaitwa Jakarta EE, na katika Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 majina ya vifurushi yakabadilika kutoka javax kwenda jakarta. Tomcat 9 bado ni javax. Tomcat 10 ni jakarta. Ukiichukua programu ya zamani ukaiweka kwenye Tomcat 10, servlet zilizotangazwa kwa anotesheni hazionekani kabisa: unapata 404 na logi iko kimya. Ama ubaki na 9, ama uiweke programu kwenye folda ya webapps-javaee ili Tomcat 10 iigeuze yenyewe, ama uuhamishe msimbo. Maktaba za Spring nazo, Spring 5 ni ya javax na Spring 6 ni ya jakarta, kwa hiyo hizo nazo huwezi kuzichanganya na seva ovyo.

Maven nayo ina tabia ambayo inafaa kuijua kwa moyo. Maktaba mbili zikitaka matoleo tofauti ya maktaba ya tatu, Maven haichagui toleo jipya zaidi. Inachagua lililo karibu zaidi na mradi wako kwenye mti wa vitegemezi, na yakiwa umbali sawa, lililotajwa kwanza. Gradle, zana nyingine ya kujenga miradi, yenyewe huchukua la juu zaidi. Ndiyo maana kuongeza maktaba moja ndogo isiyohusika kunaweza kushusha toleo la nyingine bila onyo. Mimi huandika matoleo ya maktaba nyeti kwenye dependencyManagement, na naiwekea maven-enforcer-plugin kanuni ya dependencyConvergence, ujenzi ugome pale matoleo yanapopishana. Inakera mwanzoni, maana miradi ya zamani huwa na mapishano mengi, lakini kila pishano unalolimaliza hapo ni simu moja ya usiku ambayo haitapigwa. Kwa sisi wa bando, fanya kazi hiyo pamoja na mvn dependency:go-offline siku mtandao ukiwa mzuri, halafu endelea kwa mvn -o.

Kanuni hiyo ya dependencyConvergence ina upofu wake. Maven huitambua maktaba kwa jina la kundi na jina lake. Dereva ya MySQL ilikuwa ikiitwa mysql-connector-java, na kuanzia toleo 8.0.31 ikahamia jina la mysql-connector-j chini ya kundi la com.mysql. Kwa Maven hizo ni maktaba mbili zisizojuana, kwa hiyo zote mbili zinaweza kuingia kwenye WAR zikiwa na klasi zile zile ndani. Ndipo unapohitaji banDuplicateClasses, kanuni ya ziada ya enforcer inayofungua JAR zenyewe na kulinganisha klasi badala ya majina ya mafaili.

Thamani ya kufungua JAR ilionekana waziwazi Desemba 2021, udhaifu wa Log4j, maktaba ya kuandika logi, uliopewa namba CVE-2021-44228 ulipotangazwa. Ofisi nyingi zilitafuta faili lenye jina la log4j-core, hazikuliona, zikapumua. Sisi tulikuwa tumeshajifunza kwa POI, kwa hiyo tulitafuta klasi ya JndiLookup ndani ya kila JAR ya kila programu:

for f in *.jar; do unzip -l "$f" | grep -q JndiLookup && echo "$f"; done

Ikajitokeza kwenye JAR moja ya programu tuliyonunua, imefungashwa ndani kabisa. Tukamwandikia muuzaji, na wakati tunamsubiri tukaitoa klasi hiyo kwa zip -d, njia ambayo Apache wenyewe waliipendekeza kwa matoleo ya zamani. Toleo lililopandishwa baadaye lilikuja na Log4j 2.17.1.

Kijana yule wa mafunzo sasa ameajiriwa, na ukurasa ule wa JSP ameugeuza kuwa kitu bora: unaandika jina la klasi kwenye kisanduku, unakuambia limetoka faili gani na kupakiwa na nani. Tumeufungia kwenye mtandao wa ndani peke yake, kwa sababu habari hizo hazifai kuonwa na kila mtu. Pale ambapo huwezi kuweka ukurasa, unaiwasha JVM na -verbose:class, au -Xlog:class+load kwenye Java 9 na kuendelea, na kila klasi inayopakiwa inaandikwa pamoja na chanzo chake. Logi inakuwa ndefu sana, kwa hiyo ielekeze kwenye faili na utumie grep.

Mfumo wa tumbaku bado uko kwenye Tomcat 9. Kinachouzuia kuhamia 10.1 ni maktaba ya mizani ya kielektroniki ambayo muuzaji wake ameijenga kwa javax na hajatoa toleo jipya. Tumeijaribu kwa zana ya Tomcat ya kugeuza JAR na imefanya kazi mezani. Kabla ya masoko kufunguliwa tutaipeleka kwenye chama kimoja cha msingi, ipime marobota halisi, ndipo tuamue.